Tatu Iliyoharibu Hesabu

Kutoka Kamembe, upande wa Rwanda, Bukavu ya Kongo iko karibu kama jirani wa kuombana chumvi. Katikati unapita mto Rusizi, ukiteremka kutoka ziwa Kivu, na kwenye daraja la mpakani hata mchuuzi wa nyanya hana budi kuwa mwanahisabati: faranga za Rwanda, za Kongo, na dola, zote kichwani.

Ila hesabu nzito kuliko zote huko ng'ambo ilishapigwa zamani. Mwaka 1967 sarafu mpya ya Kongo, zaire, ilishika nafasi ya faranga: zaire moja kwa faranga 1,000. Oktoba 1993 zaire mpya moja ikawa sawa na zaire kuukuu 3,000,000, yaani laki 30. Mwaka 1998 faranga ikarudi, moja kwa zaire mpya laki moja. Zidisha hizo mbili za mwisho: faranga moja ni zaire kuukuu 300,000,000,000. Ukizihesabu moja kila sekunde, bila kulala, utamaliza baada ya miaka 9,500 hivi.

Namba hii inapendeza kuipasua. Kila kumi ni mbili mara tano, hivyo sifuri 11 zinatupa mbili 11 na tano 11. Inabaki 3 moja. Namba tasa tatu tu! Ili kuunda kigawo chake, chagua mbili ngapi utachukua, kuanzia sifuri hadi 11: njia 12. Tano vilevile, 12. Ile tatu unaichukua au unaiacha. Mara hizo zote: vigawo 288. Wagawie watu wanane, kumi na wawili au mia, hakuna ugomvi. Wakiwa saba, moja inabaki.

Mimi jicho langu liko kwenye ile 3. Mabadiliko ya 1967 na 1998 yalikuwa ya kukata sifuri tu, kazi ya kidole. Ya 1993 yalidai kugawanya kwa tatu, tena sokoni. Noti ya zaire milioni tano, ya mwaka 1992, ilikuwa na historia mbaya tayari: Januari 1993 wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa, na askari waliolipwa kwa noti hizo wakafanya fujo. Igawanye kwa milioni tatu: moja nukta sita, sita, sita, bila kikomo. Kwa sarafu ndogo za wakati ule ni makuta mapya 166 na theluthi mbili, na theluthi mbili ya likuta moja haijawahi kuchapishwa.