Kukoboa Mahindi Kunaondoa Sumu Kiasi Gani?

Wakulima wengi wamesikia habari za vijana ambao humaliza chuo kikuu, kisha hurudi tena darasani kusomea nafaka. Wengine huuliza: "Mtu atasoma nini miaka miwili juu ya mahindi, na mama zetu wanayajua tangu zamani?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake lamfaa kila mwenye ghala, maana linahusu uhai wa watu wa nyumbani kwake.

Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yaliyoingia ukungu. Kati yao 125 walikufa. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Huwezi kuiona kwa macho wala kuionja kwa ulimi, na kupika ugali hakuimalizi.

Kipimo kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 za sumu katika sehemu bilioni moja za mahindi. Ndiyo kusema gramu 10 tu katika magunia zaidi ya 11,000 ya kilo 90. Kitu kidogo hivyo hakipimwi ila kwa vyombo vya maabara.

Hapo ndipo kazi ya elimu ya vyakula inapoanza. Mwanafunzi wa digrii ya pili huchagua swali moja, huongozwa na walimu wake, hupima na kurudia kupima, huandika aliyoyaona, kisha huhojiwa na watahini. Si kazi yake kudharau desturi ya wazee. Kazi yake ni kujua desturi hiyo inafanya nini hasa.

Chukua mfano wa muthokoi, chakula kinachopendwa sana Ukambani. Mahindi hutiwa maji kidogo, hutwangwa katika kinu, na ganda la nje hutoka. Je, sumu nayo hutoka? Watafiti wa Kenya, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walilipima jambo hilo, na majibu yao yalichapishwa mwaka 2008. Waliona kwamba kukoboa kulipunguza sumu kwa karibu asilimia 47 kwa wastani. Lakini mahindi mengine yalipunguziwa asilimia 5 na nusu tu, na mengine asilimia 70.

Sasa tufanye hesabu. Mahindi yenye sehemu 15 za sumu, yakipunguziwa asilimia 47, hubaki na sehemu 8. Hayo yamepita chini ya kipimo. Lakini mahindi yenye sehemu 270 hubaki na sehemu 143, yaani mara 14 ya kipimo! Basi kukoboa kunasaidia, lakini hakuwezi kuyaokoa mahindi yaliyokwisha kuharibika.

Tena, sumu iliyotoka na ganda haikupotea. Imo katika makapi. Ukimpa ng'ombe wako makapi ya mahindi yenye ukungu, sumu huingia katika maziwa, na maziwa hayo watoto wako watayanywa.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, ulinzi wa kweli huanza shambani, kabla ya kinu. Fanya hivi:

1. Vuna mara mahindi yakomaapo. Usiyaache yanyeshewe.

2. Yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Jioni yafunike.

3. Jaribu ukavu kwa chumvi. Tia chumvi kavu kidogo katika chupa kavu ya kioo, ongeza punje mpaka theluthi ya chupa, funga, utikise vizuri, kisha ngoja kidogo. Chumvi ikishika kioo, mahindi bado ni mabichi. Isiposhika, maji yamepungua chini ya asilimia 15. Hata hivyo usiyafungie bado. Endelea kuanika, kwa kuwa mahindi ya kuweka hayafai kuzidi asilimia 13 na nusu. Mwombe Bwana Shamba akusaidie kuyapima kwa mashine.

4. Panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja.

5. Mahindi yaliyoingia ukungu yatenge. Usiyale, usiyauze, wala usiwape ng'ombe au kuku.

Kama una mtoto shuleni apendaye hesabu, kemia na bayolojia, mwambie kuwa kazi hii ipo. Elimu ya vyakula inafundishwa Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Njoro katika Chuo Kikuu cha Egerton, na Juja katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Digrii ya kwanza huchukua miaka minne, na ya pili kwa kawaida miwili.

Na siku moja akija mwanafunzi wa namna hiyo kwako kuomba kopo la mahindi ya kupima, usimfukuze. Mwonyeshe ghala lako lilivyo, hata pale panapovuja, kwa sababu mahindi mazuri peke yake hayatamfundisha kitu. Kisha mwambie arudi akuletee majibu. Hayo ni haki yako, maana mahindi ni yako.