Yusufu Alimkaribisha Mariamu, Sisi Je?

Kila Desemba inapobisha hodi, barabara ya kutoka Nairobi kupitia Embu hadi Meru hufurika magari ya abiria. Nauli hupanda, bei ya mbuzi hupanda, na makanisani watoto hufungwa mashuka wakaigiza wachungaji wa Bethlehemu. Sina ugomvi na nyama wala na maigizo. Ninalonung'unikia ni kwamba katika maigizo hayo mtu mmoja husimama kando, ameshika fimbo, wala hapewi neno la kusema. Huyo ni Yusufu.

Injili ya Mathayo haina hori wala wachungaji. Hao ni wa Luka. Mathayo huisimulia habari ya kuzaliwa kwa Yesu kupitia mashaka ya mwanamume huyu. Mchumba wake ni mjamzito, na mimba si yake. Torati ilikuwa kali juu ya msichana aliyeposwa akaonekana amekosa: apigwe mawe. Yusufu, kwa kuwa alikuwa mwadilifu, aliazimia kumwacha kwa siri asimwaibishe. Hata huo ulikuwa wema, tena wema ambao wengi wetu tungejivunia. Lakini baada ya ujumbe wa malaika ndotoni alifanya zaidi: alimchukua nyumbani kwake, na mtoto alipozaliwa akampa jina. Mtu wa Embu au Meru hahitaji kuelezwa uzito wa tendo hilo, kwani kwetu jina ndilo linalomtia mtoto katika ukoo.

Basi kabla ya mamajusi na zawadi zao, wokovu ulingoja mlango wa nyumba moja ufunguliwe. Kwangu mimi, hapo ndipo ilipo maana ya kiroho ya Krismasi. Wakristo huungama kwamba Mungu alitwaa mwili. Aliutwaa ndani ya msichana ambaye majirani wangeweza kumnyooshea kidole.

Nayaandika haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu maalumu. Likizo ya Desemba ndiyo majira ya siri kufichuka. Msichana aliyevaa sweta muhula mzima, jua liwake lisiwake, hufika nyumbani, na mama asiyehitaji daktari hujua. Katika Meru ya kale, mimba ya msichana ambaye hajapitia tohara ilihesabiwa kuwa nuksi. Injili imehubiriwa Kaaga na Kigari tangu miongo ya kwanza ya karne ya 20, na Chogoria tangu mwaka wa 1922, lakini hofu ile imebadili mavazi tu. Siku hizi huitwa sifa ya shule, au heshima ya familia.

Niliwahi kumfundisha msichana hodari wa hisabati ambaye babake alimfukuza wiki moja kabla ya Krismasi. Siku ya sikukuu mzee alikuwa kanisani, benchi la mbele, akiimba. Binti alikuwa kwa shangazi yake, hajui atajifungulia wapi. Januari dawati lake lilikuwa tupu, na aliyempa mimba hakuulizwa lolote.

Simlinganishi Bikira na yeyote, wala sisemi mimba za wanafunzi ni jambo la kupigiwa makofi. Mtu mzima anayempa mtoto mimba ni mhalifu chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006, hata wazee wakilipwa mbuzi wangapi. Lakini tangu 1994 sera ya Kenya humruhusu msichana aliyejifungua arejee masomoni, na mwongozo wa mwaka wa 2020 ukalikariri jambo hilo. Taabu ni kwamba waraka hauna miguu ya kumfuata mtoto nyumbani.

Miguu tunayo sisi. Shule zikifunguliwa, mwalimu wa darasa ataita majina. Jina likikosa kuitikiwa wiki ya kwanza, na aulizwe jirani. Likikosa kuitikiwa wiki ya pili, mwalimu na apande bodaboda aende kubisha hodi, hata kama ni kwa shangazi.