Koili Mpya ya Kiyoyozi: Pima Kwanza, Agiza Baadaye

Oktoba ndio mwezi unaoitesa Tabora. Mvua bado hazijafika, vumbi limetanda barabarani, na joto la mchana hupita nyuzi 32 mara kwa mara. Katika kata ya Isevya, kama ilivyo kwenye mitaa mingine ya manispaa, nyumba nyingi za sasa zimejengwa kwa matofali ya saruji na kuezekwa bati. Bati likishapigwa jua kutwa nzima, chumba cha kulala hubaki na joto hadi usiku wa manane. Ndiyo maana kiyoyozi, ambacho zamani kilikuwa kitu cha ofisi na benki, sasa kinaonekana kwenye kuta za nyumba za watumishi, wafanyabiashara na wenye nyumba za wageni.

Kikianza kupuliza hewa ya vuguvugu, mwenye nyumba humwita fundi, na jibu linalozoeleka ni kwamba gesi imeisha. Gesi hujazwa, ubaridi hurudi, wiki chache hupita, kisha tatizo lilelile huanza upya.

Ukweli ni kwamba gesi ya kiyoyozi haichomwi wala haichakai. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kwa miaka yote ya uhai wa mashine. Ikipungua, imevuja. Kuijaza bila kutafuta tundu ni kujaza maji kwenye mtungi uliotoboka, tena maji ya kununua. Mara nyingi tundu huwa kwenye maungio ya mabomba, na hapo dawa ni kukaza nati au kuchomelea upya. Lakini likiwa ndani ya koili ya kupozea, mwenye nyumba hukutana na swali ambalo wachache wamejiandaa kulijibu: inunuliwe koili gani?

Nusu ya jozi

Ukifungua kifuniko cha mashine ya ndani na kutoa vichujio, unaona vibati vyembamba vya alumini vilivyopangwa kwa mamia, na mabomba ya shaba yakipita katikati yake kwenda na kurudi. Hiyo ndiyo koili ya kupozea, ambayo mafundi wengi huiita koili ya ndani. Gesi huingia humo ikiwa kimiminika baridi chenye mgandamizo mdogo. Feni hupitisha hewa ya chumbani kwenye vibati hivyo, na joto la hewa hiyo huichemsha gesi, kwa kawaida katika nyuzi kati ya 5 na 10. Gesi inapochemka hulinyonya joto, kisha kompresa huisukuma hadi kwenye koili ya nje, ambako joto hilo hutupwa uani.

Kwa hiyo koili ya ndani ni nusu ya jozi. Kiwanda kiliipangia ukubwa unaokwenda na kompresa na koili ya nje. Ikiwekwa ndogo mno, hushikwa na barafu na chumba hakipoi. Tena gesi isiyochemka yote inaweza kurudi kwenye kompresa ikiwa bado majimaji na kuiharibu. Kompresa ndicho kifaa cha bei kubwa kuliko vyote katika mashine hiyo.

Mazingira ya Tabora yana upande wake. Jijini Dar es Salaam koili hufanya kazi mbili, kupoza hewa na kuikausha, na ndiyo maana maji hutiririka kwenye bomba la nje kutwa. Tabora mwezi wa Oktoba hewa ni kavu, matone huwa machache, na nguvu kubwa ya koili huenda kwenye kupoza. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 11, na hewa nyepesi hubeba joto pungufu kuliko ile nzito inapopita kwenye koili. Upungufu huo si mkubwa, ila unatosha kumfanya mtu wa Isevya asipunguze kipimo cha koili eti kwa sababu ndogo ni nafuu.

Je, koili ndiyo mgonjwa?

Kabla ya kununua chochote, ugonjwa uthibitishwe. Barafu kwenye koili peke yake si ushahidi, kwani kichujio kilichoziba vumbi au feni dhaifu pia huleta barafu. Dalili yenye uzito zaidi ni doa la mafuta kwenye vibati au kwenye kona za mabomba, kwa sababu gesi inapotoka hutoka na mafuta ya kompresa. Kinachofuata ni kipimo chenyewe. Mfumo hujazwa nitrojeni, maungio hupakwa povu la sabuni, na mshale wa geji hutazamwa kwa saa kadhaa. Ukishuka, fundi huitenga koili ya ndani na kuipima peke yake. Oksijeni isitumike kabisa katika kipimo hiki, maana ikikutana na mafuta ndani ya mabomba inaweza kulipuka.

Shaba hutobokaje ilhali haina kutu ya chuma? Katika miji ya pwani, chumvi ya bahari ndiyo adui mkubwa. Bara, mara nyingi kisa ni asidi nyepesi zinazotoka kwenye rangi, gundi, vanishi na baadhi ya dawa za usafi. Zikiungana na unyevu na hewa, hula shaba taratibu na kuacha vijitundu vinavyopinda ndani kwa ndani kama njia za sisimizi, vidogo mno kuonekana kwa macho. Nyumba iliyotoka kupakwa rangi na kuwekwa makabati mapya ina mvuke mwingi wa aina hiyo, na kuifungia madirisha siku hizo ni kuihatarisha koili. Siki, ambayo baadhi ya watu huitumia kuoshea koili, nayo ina asidi ya namna hiyohiyo. Maji safi na sabuni isiyo kali vinatosha.

Vitu vya kulinganisha

Cha kwanza ni gesi. Aina yake imeandikwa kwenye kibandiko cha mashine: R22, R410A au R32. Mgandamizo wa R410A unazidi ule wa R22 kwa kama asilimia 60 katika joto lilelile, kwa hiyo koili iliyotengenezwa kwa R22 haina uhakika wa kuhimili R410A, na hata mafuta ya kompresa hutofautiana. R32 inaweza kuwaka moto kwa kiasi, hivyo haifai kuingizwa katika mashine isiyoundwa kwa ajili yake. Gesi ya kupikia isitumike kabisa.

Cha pili ni uwezo. Mashine za nyumbani huuzwa kwa BTU 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. BTU 12,000 kwa saa ni sawa na takriban kilowati 3.5 za ubaridi, na kwa kukadiria hutosha chumba cha hadi mita za mraba 20 hivi chenye dari. Koili mpya iwe na namba ileile ya mashine ya nje.

Cha tatu ni umbo. Koili nyingi za ukutani zimekunjwa sehemu mbili au tatu kuizunguka feni. Pima urefu, kimo na unene kwa milimita, hesabu safu za mabomba, angalia bomba linatokea upande gani, kisha angalia kipenyo cha maungio. Mashine ya BTU 12,000 kwa kawaida huwa na bomba dogo la robo inchi, na kubwa la inchi 3/8 au nusu inchi kutegemea gesi na kiwanda. Angalia pia mahali pa kitambuzi cha joto, kwa sababu kisipokaa sawasawa kwenye koili mpya, mashine itazima na kuwaka ovyo.

Cha nne ni madini. Koili ya mabomba ya shaba na vibati vya alumini ndiyo iliyozoeleka, na faida yake kubwa kwa mji ulio mbali na maduka ya vipuri ni kwamba fundi mwenye mtungi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza. Koili ya alumini tupu ni nyepesi na huhimili vizuri ile asidi ya rangi na gundi, lakini ikitoboka ni vigumu kuziba. Wapo pia wauzaji wa mabomba ya alumini yaliyovikwa shaba juu. Ukikwangua kidogo kwa ncha ya kisu na chini pakatokea weupe, hiyo si shaba tupu.

Rangi ya vibati nayo hupandisha bei. Tabaka la buluu husaidia matone kuteremka bila kung'ang'ania vibati. Tabaka imara la kuzuia chumvi linamfaa mkazi wa Tanga au Zanzibar, lakini Isevya, mamia ya kilomita kutoka baharini, halina sababu ya kulipiwa zaidi. Kinachofaa Tabora ni vibati visivyobanana kupita kiasi, kwa sababu vumbi huziba upesi pale nafasi ilipo finyu.

Njia ya zamani, mzigo mpya

Vipuri vingi vya viyoyozi vinavyofika Tabora hununuliwa Kariakoo, Dar es Salaam, na kutumwa kama kifurushi kwa basi. Njia hiyo kutoka pwani ina historia ndefu. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba mwaka huohuo. Misafara ya karne ile ilibeba nguo, shanga na nyaya za shaba. Kila eneo lilikuwa na aina ya shanga inayotakiwa, na msafara uliokuja na rangi isiyopendwa ulishindwa kununua chakula. Mwandishi wa habari Henry Stanley, kabla ya kuvuka kwenda bara mwaka 1871, alikaa Unguja akiwahoji wafanyabiashara ni nguo na shanga zipi zipelekwe wapi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na kuufupisha mwendo, lakini somo la Stanley halijafutika. Anayeagiza kwa mbali lazima ajue hasa kinachotakiwa kule mzigo unakokwenda.

Kwa koili, ujuzi huo ni picha ya kibandiko cha mashine ya ndani na cha mashine ya nje, namba kamili ya modeli, picha ya koili yenyewe ikiwa na futi pembeni, na vile vipimo vilivyotajwa. Muuzaji athibitishe kabla fedha haijatumwa, na makubaliano ya kurudisha yaandikwe. Kama koili ni ya mtumba, dai ipimwe kwa nitrojeni kabla ya kufungwa kwenye boksi.

Koili, au mashine nzima?

Marekani, nyumba nyingi hupozwa na mtambo mmoja unaosambaza hewa kwa njia za darini, na koili huuzwa kama kifaa cha peke yake chenye namba ya kulinganisha na mashine ya nje. Viyoyozi vya ukutani vya Afrika Mashariki ni tofauti. Viwanda huuza ndani na nje kama jozi, na koili peke yake wakati mwingine haipatikani kabisa. Hapo mwenye nyumba huwa na njia tatu: koili tupu, mashine nzima ya ndani, au seti mpya.

Umri na gesi ndivyo vya kuamulia. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwemo, zinatakiwa kukomesha matumizi ya R22 ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo hadi 2040. Gesi hiyo itazidi kuwa adimu. R410A na R32 nazo zimo katika makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016, yanayopunguza gesi zinazoongeza joto duniani, ila kupungua kwake kutachukua miaka mingi zaidi. Kilo moja ya R410A ikiachiwa hewani hupasha dunia joto sawa na takriban tani mbili za hewa ukaa. Fundi anayefungulia gesi ikatoka uani anaharibu kitu cha watu wote. Gesi ivutwe kwa mashine na kuhifadhiwa kwenye mtungi.

Ufungaji nao una masharti. Wakati wa kuchomelea, nitrojeni ipite polepole ndani ya bomba ili masizi yasijijenge. Kichujio cha unyevu kibadilishwe. Pampu ivute hewa yote hadi geji ionyeshe mikroni 500 au chini, na gesi ipimwe kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kukisia kwa kugusa bomba hakutoshi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hufundisha fani ya majokofu na viyoyozi, na mteja ana haki ya kuuliza fundi alisomea wapi na ana vifaa gani.

Koili nzuri pia haitashinda paa lisilo na dari. Wajenzi wa tembe za zamani za Unyamwezi walikabili joto kwa kuta nene za udongo na paa bapa la udongo, na anayetembelea tembe la mpelelezi David Livingstone pale Kwihara anaweza kujionea unene wa kuta hizo. Nyumba ya bati inahitaji dari iliyozibwa vizuri, mapazia upande wa magharibi, na kichujio kinachooshwa kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi.

Kwa mashine ya R22 iliyozidi miaka 10, fedha ya koili ni afadhali iwe akiba ya seti mpya ya inveta, yaani yenye kompresa inayobadili kasi. Kwa mashine changa ya R410A au R32 ambayo kompresa yake ni nzima, koili inayolingana kwa gesi, uwezo na umbo itarudisha ubaridi kwa miaka mingine mingi. Kwa vyovyote vile, mteja adai risiti, aone koili ya zamani na tundu lake, na aandikiwe usomaji wa geji wa siku ya kukabidhiwa kazi.