Kwa nini mtoto mchanga hatofautishi usiku na mchana

KATIKA Kata ya Rubafu, Wilaya ya Bukoba mkoani Kagera, usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa kuwa eneo hilo haliko mbali na mstari wa Ikweta. Mwili wa mtu mzima huzoea mpangilio huo. Mtoto aliyezaliwa juma hili bado hajaujua: hulala mchana kutwa, na usiku huwakesha wazazi.

Wapo wanaoamini kuwa mtoto wa namna hiyo amerogwa, na wapo wanaomnywesha dawa za mitishamba ili alale. Hatua hiyo ya pili ni ya hatari, kwani katika miezi sita ya mwanzo mtoto anapaswa kupewa maziwa ya mama pekee.

Sehemu ya maelezo ipo katika kortisoli, homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Huitwa homoni ya msongo, ingawa jina hilo haliitendei haki, kwa sababu ndiyo pia inayousaidia mwili kuamka. Kwa mtu mzima huwa nyingi alfajiri na asubuhi, kisha hupungua hadi kufikia kiwango cha chini kabisa karibu na saa sita usiku.

Kwa mtoto mchanga sivyo ilivyo. Akiwa tumboni alipokea ishara za saa kutoka katika damu ya mama, na kitovu kikishakatwa ishara hizo hukoma. Uchunguzi umeonyesha kuwa katika wiki za mwanzo kortisoli yake inaweza kupanda mara mbili kwa siku, kwa kupishana takriban saa 12, bila kujali jua. Mpangilio wa kikubwa huanza kuonekana kwa watoto wengi katika mwezi wa pili au wa tatu. Wengine huchelewa hadi mwezi wa tisa.

Hata hivyo, tezi zake hazijalala. Akichomwa sindano, kortisoli hupanda mara moja, na akikumbatiwa kifuani, ngozi kwa ngozi, hutulia mapema zaidi. Njia hiyo ya kumbeba mtoto kifuani, iliyoanzia Bogota, Colombia, mwaka 1978, ina faida kubwa kuliko utulivu. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa watoto wenye uzito mdogo walioanza kubebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa walipungukiwa na vifo kwa asilimia 25, wakilinganishwa na waliosubiri hadi hali zao zitengemae.

Maziwa ya mama nayo yana saa yake. Ya asubuhi huwa na kortisoli zaidi, na ya usiku huwa na melatonini, homoni ya usingizi, ambayo mtoto bado hajaweza kuitengeneza vya kutosha. Mama anayekamua maziwa kabla ya kwenda kazini anaweza kuandika saa kwenye chombo, ili ya usiku yanywewe usiku.

Mwanga wa mchana nao humsaidia mtoto, na giza la usiku vilevile. Taa inayowaka hadi kuche humchelewesha. Lakini anayelia mfululizo, akakataa kunyonya au akawa na homa, apelekwe kituo cha afya usiku huohuo.