Taa za Gari Zinazozima na Kuwaka: Kanuni ya Ohm Kazini

Mtahiniwa anaweza kuikariri kanuni ya Ohm, V = IR, na bado akakwama swali likija na kifaa halisi. Soma mfano huu kwa makini, kwani una mada tatu ndani yake: ukinzani, nguvu ya umeme na matumizi ya voltimita.

Tatizo

Gari kuukuu linasafiri usiku kutoka Kyaka kwenda Kayanga. Kwenye kona, taa moja ya mbele inafifia, inazima, kisha inawaka tena yenyewe. Fundi anabadilisha balbu, lakini usiku unaofuata hali ni ile ile. Dereva asiyeiona kona yumo hatarini, yeye na abiria wake.

Fikiri: uzi wa balbu ukikatika, kwa kawaida balbu haiwaki tena. Taa inayozima na kurudi inaashiria kiungo kibovu katika saketi: soketi iliyolegea, kutu kwenye waya wa ethi, au swichi na relei zilizochakaa. Vumbi, unyevu na mtikisiko wa barabara za changarawe za Karagwe na Kyerwa huharakisha uchakavu huo.

Hesabu

Balbu ya 55 W inatumia 12 V.

Ukinzani wa balbu: R = V²/P = 144/55 = 2.62 Ω
Mkondo wa kawaida: I = P/V = 55/12 = 4.58 A

Sasa kiungo kimoja kimeshika kutu na kina ukinzani wa 0.5 Ω. Kiungo hicho na balbu vimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo jumla ni 3.12 Ω.

Mkondo mpya: I = 12/3.12 = 3.85 A
Volti zinazopotea kwenye kiungo: 3.85 × 0.5 = 1.9 V
Nguvu ya balbu: I²R = 39 W
Joto kwenye kiungo: I²R = 7.4 W

Tumechukulia kuwa ukinzani wa balbu haubadiliki. Kwa kweli hupungua kidogo uzi unapopoa.

Tazama jibu la mwisho. Wati 7.4 katika kipande kidogo cha chuma zinatosha kukipasha moto, kulainisha plastiki ya soketi na kukilegeza zaidi. Ndiyo maana tatizo dogo likiachwa hukua.

Hatua za uchunguzi

1. Je, inazima taa moja au zote mbili? Taa za mbele zimeungwa sambamba. Ikizima moja, chunguza balbu yake, soketi yake, fyuzi yake na ethi yake. Zikizima zote, anza na sehemu wanazotumia pamoja: swichi, relei na vichwa vya betri.

2. Inazima lini? Ikizima garini panapotikisika, washa taa na utikise waya mmoja mmoja gari likiwa limesimama. Ikizima baada ya kuwaka muda mrefu, shuku kiungo kinachopata joto, hasa kwenye swichi au relei.

3. Pima ethi taa ikiwa INAWAKA. Weka ncha moja ya voltimita kwenye hasi ya betri, na nyingine kwenye ncha ya ethi ya balbu. Kiungo kizima husoma karibu 0 V. Katika mfano wetu, kama kutu iko kwenye ethi, utasoma 1.9 V.

4. Zima taa, safisha kiungo kwa msasa, kaza, kisha pima tena.

Angalizo la mtihani

Kwa nini upime taa ikiwa inawaka? Taa ikizimwa, I = 0, kwa hiyo V = IR = 0 hata kiungo kikiwa kibovu, na fundi atadhani ni kizima. Mtahiniwa akieleza sababu hii kwa kutumia V = IR, ameonyesha kuwa anaielewa kanuni.

Usibadilishe fyuzi kwa yenye ampea kubwa zaidi. Haiondoi ukinzani wa kiungo, na hitilafu ikitokea, waya huweza kuungua kabla ya fyuzi.

Jipime

Kiungo kina ukinzani wa 0.3 Ω, balbu ni ile ile. Tafuta mkondo, volti zinazopotea na joto kwenye kiungo.
(Majibu: 4.11 A, 1.23 V, 5.1 W)