Ufa wa Ardhi na Meno ya Watoto wa Meru

Chini ya Mlima Meru tumewaona watoto wengi wenye meno ya hudhurungi. Wengine hudhani ni uchafu, la, sivyo. Bamba la mwamba lililoibeba Afrika lapasuka, na pande lake la mashariki, liitwalo Bamba la Somalia, lajitenga milimita chache kila mwaka. Penye ufa huo moto wa chini ulipanda, ukaujenga Meru, uliotapika majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Mawe yake yana floridi nyingi, nayo huyeyuka katika chemchemi. Kuyachemsha maji hakuiondoi, bali huikoleza. Wataalamu wa Ngurdoto wameichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Asiye na mkaa huo na akinge mvua, mtoto anywe kabla meno ya ukubwani hayajaota.