Mtoto Hajambo, Lakini Je, Anacheza?

Mama wa Kayole au Umoja ampelekapo mwanawe kliniki, mtoto hupimwa uzani na urefu, na nambari zikaandikwa katika kitabu chake. Mstari ukipanda, mama hurudi nyumbani moyo umetulia. Hilo ni jema, wala hatulipuuzi. Hata hivyo, mizani haisemi kama mtoto hulala vyema usiku, kama huchoka upesi, wala kama wenzake humkubali mchezoni.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, yaeleza kuwa afya si kukosa maradhi tu, bali ni uzima wa mwili, wa akili na wa maisha baina ya watu. Kwa msingi huo wataalamu wametunga madodoso ya kupima ubora wa maisha ya mtoto kwa upande wa afya. Mojawapo ni PedsQL, lililotungwa Marekani na James Varni. Sehemu ya watoto wa miaka 2 hadi 4 ina maswali 21: 8 ya mwili, 5 ya hisia, 5 ya kutangamana na wenzao, na 3 ya chekechea. Mzazi huulizwa ni mara ngapi jambo fulani limekuwa tatizo katika mwezi uliopita. Likiwa halikutokea kabisa, jibu hupewa alama 100. Likitokea karibu kila mara, hupewa 0. Wastani wa majibu ndio kipimo.

Huulizwa mzazi kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hawezi kuusimulia mwezi mzima. Hapo ndipo amana yetu inapojaribiwa. Mama aliyeshinda Gikomba tangu alfajiri huenda akajibu kwa uchovu wake mwenyewe, ilhali bibi aliyebaki na mtoto, au mwalimu wa chekechea, ameona mengine. Ni vyema washauriane kabla ya kujibu.

Maswali nayo yataka kufahamiwa. Akiulizwa kama mwanawe hupata taabu kukimbia, mama wa ghorofa ya tano atasema hapana, kumbe mtoto hana pa kukimbilia. Jibu ni la kweli, lakini limeficha jambo.

Na Eastlands yana mambo ya kufichuliwa. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti juu ya jaa la Dandora. Kati ya watoto 328 waliochunguzwa, takriban nusu walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita mpaka wa hatari uliokubaliwa wakati ule. Nasi wa pwani twaijua sumu hiyo kwa yaliyowapata watu wa Owino Uhuru, Mombasa. Risasi huathiri ubongo na masomo, na mtoto aweza kuonekana mzima machoni.

Dodoso haliwezi kutambua sumu wala kuponya; kazi hiyo ni ya daktari na maabara. Faida yake ni kumzoeza mzazi kutazama. Basi wiki hii, dada zetu, tuulizane nyumbani: mtoto amelala vipi, amecheza na nani, ameogopa nini, amekosa chekechea siku ngapi kwa kuugua? Tuyaandike majibu, tumpelekee muuguzi pamoja na kitabu cha kliniki. Akituuliza hali ya mtoto, tusiishie kusema hajambo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Amin.